Kabla ya Kununua Dawa ya Batri, Pima

Hotuba kwa madereva, wenye magari na mafundi wa Lubumbashi

Wazee wetu, mama zetu wenye magari ya biashara, ndugu madereva wa teksi, na ninyi vijana wa garaje za mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Kamalondo, jambo yenu wote.

Tumeombwa tuzungumze juu ya batri ya gari, na juu ya vitu vinavyouzwa pembeni mwake: chupa za dawa ya kufufua batri, vidonge vya kutia kwenye tangi, visanduku vyenye taa za rangi vinavyochomekwa chini ya usukani, sumaku za kufunga kwenye mpira wa esansi, yaani petroli. Tumeyaweka pamoja kwa sababu mteja wa vyote hivyo ni mmoja. Gari lake limekataa kuwaka asubuhi, abiria wanamngoja, na hana kipimo mkononi. Mtu asiye na kipimo humwamini anayesema kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Tuingie kwanza ndani ya sanduku lenyewe. Batri ya gari dogo ina vyumba sita. Kila kimoja hutoa volti 2 na kidogo, na sita kwa pamoja hufikia 12.6 au 12.7 batri ikiwa imejaa na imetulia. Ndani ya chumba kuna mabamba ya risasi: upande mmoja yamepakwa dayoksidi ya risasi, upande wa pili risasi tupu yenye vitundu vidogo, na yote yamezama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Batri ikitoa umeme, salfa inatoka kwenye asidi na kushika juu ya mabamba ya pande zote mbili, huku asidi ikizidi kuwa maji. Ikichajiwa, salfa inaachia mabamba na kurudi kwenye maji. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza batri ya namna hiyo mwaka 1859, na kemia yake haijabadilika tangu hapo. Anayewauzia batri ya risasi yenye "teknolojia mpya ya kemia" mwulizeni ni kemia gani.

Salfa iliyoshika mabamba leo ni laini, na chaji ya kesho inaitoa. Ikikaa majuma mawili matatu batri ikiwa nusu tupu, inageuka fuwele kubwa na ngumu zisizoyeyuka tena kwa urahisi. Hapo bamba linapoteza eneo lake la kufanyia kazi. Hicho ndicho kifo cha kwanza, na kinawapata zaidi wale wanaozima na kuwasha mara nyingi kwa safari fupi, redio na taa zikiwa wazi, alterneta, ile mashine inayochaji batri injini ikiwaka, isipate muda wa kurudisha kilichotolewa. Pia kinayapata magari yaliyotoka Japan kwa meli yakapita Dar es Salaam hadi mpaka wa Kasumbalesa: batri imekaa majuma mengi bila chaji, na mnunuzi anashangaa kwamba gari "jipya" linataka batri mwezi wa kwanza.

Kifo cha pili ni joto. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza maisha ya batri karibu nusu. Chini ya kapo, kile kifuniko cha injini, mwezi wa Septemba na Oktoba kabla mvua haijashika, gari likiwa kwenye foleni katikati ya mji, nyuzi hizo zinapatikana bila shida. Joto linakausha maji na kula fremu za bamba chanya. Lakini batri haifi mwezi huo. Inangoja Juni na Julai, asubuhi zinaposhuka chini ya nyuzi 10, mafuta ya injini yanakuwa mazito, kemia inapoa, na demareri, ile mota inayoizungusha injini ili iwake, inadai umeme mwingi zaidi. Mwenye gari anailaumu baridi, kumbe baridi imefichua tu uharibifu uliofanywa na Oktoba. Kwa hiyo mwezi wa kukagua batri ni Mei, kabla ya hiyo baridi.

Kifo cha tatu ni mtikisiko. Batri isiyofungwa kwa chuma chake cha kushikilia inaruka kwenye mashimo, uji wa mabamba unadondoka chini, na ukijaa unagusanisha mabamba. Chumba kimoja kinakufa na batri inabaki na volti 10.5. Kipande cha mpira wa tairi kilichobanwa pembeni hakitoshi. Tafuteni chuma chake na boliti zake mbili.

Kuna na cha nne, ambacho hapa kwetu kinazidi kwa sababu ya umeme kukatika: batri ya gari kupelekwa nyumbani usiku, kuunganishwa na konvertisa inayougeuza umeme wake uwe wa nyumba, kuwasha televisheni mpaka iishe, asubuhi irudishwe kwenye gari. Batri ya kuwashia ina mabamba mengi membamba, yaliyotengenezwa kutoa ampea mia na zaidi kwa sekunde chache. Kuikausha kabisa mara kadhaa tu kunaimaliza. Ukitaka umeme wa nyumba, nunua batri ya sola yenye mabamba manene, na ile ya gari uiache kwenye gari.

Sasa kupima. Multimetri, kipimo cha volti na ampea, ile ya kawaida inayouzwa sokoni inatosha kwa karibu yote tutakayosema. Gari liwe limelala usiku mzima. Likiwa limetoka barabarani sasa hivi, volti zinadanganya kwenda juu. Washa taa kubwa dakika mbili, zizime, subiri dakika tano ndipo upime. Ukiona 12.6 na zaidi, imejaa. 12.4 ni robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 hesabu kwamba ni tupu. Kumbuka kwamba kati ya iliyojaa na tupu hakuna hata volti moja. Taa ya dashibodi inayong'aa vizuri haikuambii lolote, na kugusanisha waya ili kuona cheche hakukuambii zaidi ya hilo.

Kisha pima wakati wa kuwasha. Mwenzako azungushe ufunguo, wewe ukitazama namba. Batri iliyojaa isishuke chini ya volti 9.6 injini ikizunguka, hata kama inachukua sekunde kumi. Ikiwa ilikuwa 12.6 ikaanguka hadi 8 au 7, mabamba yamekwisha au kuna chumba kibovu, na hakuna chaji itakayoisaidia. Ikiwa ilikuwa 12.0 ikaanguka, usiihukumu bado: ichaji kwanza, pima tena. Batri nyingi tunazoona zikitupwa zilikuwa na njaa tu.

Tatu, injini ikiwaka na taa zimewashwa, pima tena kwenye vichwa vya batri. Kati ya 13.8 na 14.5 alterneta inafanya kazi. Chini ya 13.2, angalia mkanda, waya za alterneta, kisha brashi na daiodi. Ikizidi 14.8, kidhibiti chake kimeharibika na batri inapikwa: maji yanapungua kila juma, harufu ya mayai mabovu inasikika, sanduku linavimba. Dereva anayeongeza maji kila Jumamosi na kushukuru kwamba batri "inakunywa vizuri" ana alterneta mbovu. Magari mapya kidogo yenye kompyuta inayodhibiti chaji yanaweza kushuka au kupanda nje ya namba hizi kwa muda, kwa hiyo pima mara mbili kabla ya kufungua kitu.

Hapa tuwaombe mafundi jambo moja kwa heshima zote. Kuchomoa kibano cha batri injini ikiwaka "ili kuona kama alterneta inachaji" kuachwe. Gari la zamani la kabureta lilivumilia. Gari lenye kompyuta ya injini halivumilii: batri ikitoka ghafla, volti za alterneta zinaruka hadi mara kadhaa ya 14 kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kompyuta inaungua. Mteja analipa kompyuta kwa sababu ya kipimo ambacho multimetri ingekifanya bila hatari yoyote.

Batri ikilala usiku na kuamka tupu ilhali inapimwa nzuri, tafuta kinachoinyonya. Zima kila kitu, fungua kibano cha hasi, weka multimetri kwenye ampea 10, ncha moja kwenye kibano na nyingine kwenye kichwa cha hasi. Funga milango, subiri nusu saa ili kompyuta zilale. Iliyo chini ya miliampea 50 ni ya kawaida. Ikiwa 300 au 500, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Mara nyingi utaishia kwenye alamu au redio iliyofungwa na fundi wa haraka, au taa ya buti isiyozimika. Usiwashe injini multimetri ikiwa katika hali hiyo, fyuzi yake itaungua papo hapo.

Kwa batri yenye vifuniko vinavyofunguka kuna kipimo bora kuliko volti, nacho ni pezasidi, kile kioo chenye mpira juu na kielea ndani. Kinapima uzito wa asidi katika kila chumba peke yake. Iliyojaa husoma 1.265 hadi 1.280, nusu 1.190, tupu 1.120. Vyumba vyote vikisoma 1.200 kwa usawa, batri inataka chaji tu. Lakini vitano vikisoma 1.260 na kimoja 1.150, hicho kimoja kimekufa: tofauti ya 0.050 na zaidi kati ya vyumba ni hukumu. Pesa ya pezasidi ni kidogo sana ukilinganisha na pesa ya batri, na bado garaje nyingi hazina.

Tukae kidogo kwenye maji na asidi, maana hapa ndipo batri nyingi zinauawa na mtu anayezipenda. Kinachopungua ndani ya batri ni maji. Asidi haipotei kwa mvuke. Inapotea tu ikimwagika. Kwa hiyo chumba kilichopungua kinaongezwa maji ya distile, siyo asidi. Ukiongeza asidi, pezasidi itasoma juu siku mbili na utafurahi, halafu mabamba yataliwa kwa kasi. Kiasi ni milimita 10 hadi 15 juu ya mabamba, au mpaka mstari wa juu ulioandikwa kwenye sanduku. Ongeza baada ya kuchaji, kwa kuwa kiwango kinapanda batri ikichajiwa. Kama mabamba yako wazi, yafunike tu kwanza, chaji, ndipo umalize.

Maji ya bomba hapana. Maji ya chupa ya kunywa hapana, yana madini, na mtengenezaji ameyaandika mwenyewe kwenye karatasi ya chupa. Maji yaliyochemshwa hapana: kuchemsha kunaua vijidudu na kuacha chumvi zote mahali pake. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati yamebeba zinki na vumbi la udongo mwekundu, na vumbi hilo lina chuma. Chuma ndicho adui mbaya zaidi, kwa sababu hakiliwi kikaisha. Kinakwenda bamba chanya, kinarudi bamba hasi, na kila safari kinatoa umeme kidogo, mpaka batri inajimaliza yenyewe imekaa tu. Klorini inakula fremu za risasi.

Na asidi. Sisi tunaishi katika nchi ya shaba. Malori ya asidi ya salfa yanapita barabara ya Likasi na Kolwezi kila siku kwenda kwenye viwanda vinavyoyeyusha madini, na asidi hiyo wakati mwingine inaonekana sokoni katika bidoni bila jina. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mawe. Asidi ya kiwandani ina nguvu ya asilimia 98 hivi, ilhali ya batri ni 35 hadi 37, tena haikusafishwa kwa kiwango kinachohitajiwa na batri. Ina chuma tulichokitaja. Anayeinunua anapata hatari mbili kwa bei moja: batri kufa na ngozi kuungua. Ikibidi kabisa kuchanganya asidi ya batri, asidi inamiminwa polepole ndani ya maji. Maji yakimiminwa ndani ya asidi, yanachemka na kuruka usoni. Miwani, glovu za mpira, ndoo ya maji safi karibu, na ikiingia jichoni suuza dakika 15 bila kungoja ndipo uende hospitali.

Tuje kwenye vichwa na vibano. Karibu nusu ya malalamiko ya "batri mbovu" yanamalizika hapa. Yale magari madogo ya Kijapani, Vitz na Ist na ndugu zao, mengi yalitengenezwa kwa batri yenye vichwa vyembamba, karibu milimita 15 kwa chanya na 13 kwa hasi. Batri za aina nyingine zina vichwa vya karibu milimita 19.5 na 18. Ukinunua yenye vichwa vinene, fundi anakata kibano kwa msumeno. Ukirudi kwenye vyembamba, anajaza msumari, kipande cha kopo au karatasi ya sigara. Kila kipande hicho ni ukinzani, yaani kizuizi cha umeme. Demareri ikivuta ampea 150, ukinzani wa mia moja ya omu unakula volti 1.5, na gari linatoa sauti ya "tik" tu. Vipo vikombe vya risasi vya kuvalisha kichwa chembamba, vinauzwa pamoja na batri, vidaini. Pia soma namba iliyo juu: katika 46B24L, B ni ukubwa wa sanduku, 24 ni urefu wake kwa sentimita, L au R inaonyesha upande wa vichwa. Ukikosea herufi ya mwisho, waya hazitafika, au zitafika mahali pasipofaa.

Kupima ukinzani huo ni rahisi. Ncha moja ya multimetri iguse katikati ya kichwa cha hasi, nyingine iguse chuma tupu cha injini, mwenzako awashe. Isizidi volti 0.2. Upande wa chanya, kutoka kichwa hadi boliti ya demareri, isizidi 0.5. Ikizidi, fungua, safisha, kaza. Kusafisha: toa hasi kwanza, kisha chanya. Ukianza na chanya na ufunguo wako wa namba 10 ukagusa bodi, unapata mshtuko wa cheche juu ya gesi. Kijiko kikubwa cha bikaboneti, ile soda ya kuokea, katika glasi ya maji kinamaliza ule unga mweupe na wa kijani. Vifuniko viwe vimefungwa, bikaboneti ikiingia ndani inaua asidi. Suuza, kausha, sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, ndipo upake grisi au vaselini juu. Grisi ikipakwa kabla, inakaa katikati ya risasi na risasi.

Kuchaji: sehemu ya kumi ya uwezo. Batri ya Ah 60 (uwezo wake kwa ampea-saa) ichajiwe kwa ampea 6, saa 10 hadi 12 ikiwa tupu. Imejaa pale pezasidi inaposoma namba ile ile mara tatu, saa moja moja. Mahali pawe na hewa. Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inalipuka kwa cheche ndogo. Msitegemee alterneta kujaza batri tupu: kutoka Kenya hadi mjini na kurudi hakutoshi, na alterneta yenyewe inachemka.

Kuazima umeme kwa gari jingine: kebo nyekundu kwenye chanya ya batri tupu, kisha chanya ya batri nzima, nyeusi kwenye hasi ya batri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na batri. Acha gari zima likiwaka dakika tano ndipo ujaribu. Kutoa ni kwa mpangilio wa kinyume.

Batri zisizofunguliwa, zenye jicho la kijani: jicho linaangalia chumba kimoja kati ya sita. Kijani ni habari njema ya chumba kimoja.

Sasa twende kwa wauza miujiza. Dawa ya batri ina historia ndefu, na kisa kimoja kinastahili kusimuliwa. Huko Oakland, California, baada ya vita ya pili, Jess Ritchie aliuza unga ulioitwa AD-X2, eti unafufua batri zilizokufa. Ulipopimwa ulionekana kuwa hasa salfati ya sodiamu na salfati ya magnesiamu, chumvi ambazo maduka ya dawa yanauza za kulainisha tumbo. Ofisi ya taifa ya vipimo ya Marekani ilipima ikasema haina faida. Wanunuzi walioridhika wakaandika barua kwa wanasiasa, na Machi 1953 waziri wa biashara Sinclair Weeks akamtaka mkuu wa ofisi hiyo, Allen Astin, ajiuzulu. Wanasayansi wakapiga kelele, Astin akabaki kazini, na kabla mwaka haujaisha kamati ya Chuo cha Taifa cha Sayansi ikathibitisha kwamba unga ule haukuwa na maana. Astin aliendelea kuongoza mpaka 1969.

Kwa nini basi watu waliapa kwamba unawafaa? Kwa sababu maelekezo yake yalidai uchaji batri taratibu baada ya kutia. Chaji ya polepole ndiyo iliyofanya kazi. Batri iliyokuwa na njaa ililishwa, na sifa ikaenda kwa unga. Kila mara mtu akikuambia "nilitia dawa ikapona", mwulize alichaji saa ngapi. Kuipima dawa kwa haki kunataka batri mbili zinazofanana, zichajiwe sawasawa, moja na dawa na nyingine bila dawa.

Chumvi hizo bado zinauzwa leo, katika chupa nzuri zaidi. Aspirini ndiyo mbaya kuliko zote: ndani ya batri inatoa asidi ya siki, ambayo inakula risasi ya bamba chanya. Gari linaweza kuwaka siku hiyo. Baada ya majuma machache mabamba hayapo.

Vifaa vya kutuma mapigo ya umeme ili kuvunja fuwele tuviongelee kwa uadilifu. Kwenye batri iliyolala miezi michache, chaja nzuri yenye mapigo inaweza kurudisha kiasi fulani, na chaja ya kawaida ya polepole mara nyingi inarudisha karibu kiasi kile kile. Bamba lililodondoka, fremu iliyoliwa au chumba kilichogusana haviponi kwa mapigo ya aina yoyote. Anayesema "inafufua kila batri" amejihukumu.

Kisanduku cha kutuliza umeme, kile kinachofungwa juu ya batri na kuonyesha volti kwa namba za bluu: ndani kuna kapasita chache, vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme kwa muda mfupi. Tuseme ni maikrofaradi 10,000 kwa jumla. Kwa volti 14 zinahifadhi chini ya joule 1. Demareri inakula joule 1,500 hivi kwa sekunde moja. Mnaweza kumaliza hesabu wenyewe. Namba za bluu ni kweli zinapendeza.

Kisanduku cha kuchomeka kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, kinachodai kupunguza esansi kwa "kujifunza" uendeshaji wako. Vingi vya bei ndogo vilivyofunguliwa vimeonekana kuwa na chipu ya kuwasha na kuzima taa, na haviongei na kompyuta ya gari. Na kwa kuwa tundu hilo lina umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, taa zinakunywa batri. Kisanduku cha miliampea 30 kinamaliza Ah 0.72 kwa siku. Gari likikaa mwezi, ni Ah 21, karibu nusu ya batri ya Ah 45. Umelipa pesa ili ununue salfa.

Mtungi wa kutengeneza gesi ya haidrojeni kutoka kwenye maji: ampea 20 kwa volti 14 ni wati 280. Alterneta inapoteza karibu nusu, injini inapoteza robo tatu, kwa hiyo ili kupata wati hizo 280 unachoma esansi ya wati 2,000 hivi. Gesi itakayotoka inabeba wati 170 kwa makadirio ya huruma. Tumia elfu mbili, pata mia na sabini, na uite hiyo akiba.

Sumaku kwenye mpira wa esansi, vidonge vya tangi, feni ya kuzungusha hewa: esansi haina sumaku, na kuhusu vingine, shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa mia moja vya kupunguza mafuta. Vilivyoleta faida ni vichache sana, na faida yenyewe ndogo. Vingine viliongeza moshi. Upepo sahihi kwenye matairi, chujio safi la hewa na plagi zenye nafasi sahihi vinakupa zaidi, lakini hakuna anayevitangaza kwa sauti ya redio.

Muuzaji akikujia, usibishane naye. Mwulize maswali mawili: nitapima nini ili nijue kimefanya kazi, na utanirudishia pesa namba isipobadilika? Mwenye bidhaa halali atakujibu la kwanza mara moja. Wengine wataanza kukuonyesha picha za wateja kwenye simu.

Ukinunua batri, ipime dukani: chini ya 12.4 imekaa rafu muda mrefu. Tafuta alama ya tarehe, angalia vichwa kama vina mikwaruzo ya vibano, kwa maana zipo batri kuukuu zilizooshwa na kubandikwa karatasi mpya. Na ile kuukuu yako mrudishie muuzaji au mnunuzi wa risasi ikiwa nzima, na asidi yake ndani. Kuimwaga asidi uani na kuyeyusha risasi kwenye sufuria nyuma ya nyumba kunawatia watoto risasi kwenye damu, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto bila kuonyesha dalili mapema.

Multimetri sita na pezasidi mbili ziko mezani. Magari ambayo hayajawashwa tangu jana jioni yafunguliwe kapo kwanza, kwa kuwa namba zake ndizo za kweli. Waliokuja wakiendesha, washeni taa kubwa dakika mbili, zizimeni, nanyi mtafuata. Wenye batri za kufunguliwa chukueni miwani kabla ya kugusa kifuniko.